Shaka Tulipeleke Wapi?

Homilia ya Dominika ya Pili ya Pasaka



Injili ya leo, ambayo Mama Kanisa hutusomea kila mwaka katika Dominika hii, yatoka kwa Mtakatifu Yohane, sura ya 20. Tumeisikia mara nyingi, na labda kwa sababu hiyo masikio yetu huishia pale yalipozoea: Tomaso alikataa kuamini, Bwana akamtokea, Tomaso akaamini. Mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza aweza kuisimulia hivyo akapata alama zote. Jambo tunalopenda kulitazama asubuhi hii limo katikati ya habari hiyo, katika maneno machache ambayo msomaji wa Misa huyapita upesi. Zilipita siku nane.

Siku nane, wapendwa. Mitume kumi wana furaha ya kumwona Bwana, na mmoja hana. Amekwisha kusema waziwazi mbele ya wenzake kwamba asipoona alama za misumari, na asipotia mkono wake ubavuni, hatasadiki. Tufikiri jinsi chakula cha jioni kilivyokuwa katika nyumba ile kwa juma zima. Kumi wanasimulia tena na tena, naye anasikiliza na moyo wake haujibu. Bila shaka walichokana kidogo. Hata hivyo, Injili yatuambia kwamba baada ya siku nane wanafunzi walikuwa tena ndani, na Tomaso alikuwa pamoja nao. Wale kumi hawakumfukuza, wala yeye mwenyewe hakuondoka. Shaka lake alilileta mezani, akaliweka mbele ya watu waliompenda, akakaa nalo papo hapo mpaka Bwana alipokuja.

Wala tusidhani kwamba alikuwa mtu legelege. Ni Tomaso huyu huyu ambaye, Yesu alipoazimia kwenda Betania kwa Lazaro penye hatari ya kupigwa mawe, aliwahimiza wenzake waende wakafe pamoja naye. Ni yeye tena ambaye, katika Karamu ya Mwisho, wenzake wakiwa wanaitikia kwa vichwa kama wanafunzi wasiotaka kuonekana wajinga, alimwambia Bwana wazi kwamba hawajui aendako, basi wataijuaje njia. Na kwa sababu yeye aliuliza, sisi tumepata jibu ambalo Kanisa limeliishi kwa miaka elfu mbili, kwamba Kristo mwenyewe ndiye njia.

Tuje sasa kwetu. Katika vijiji vyetu, toka mwambao wa Musoma hadi mashamba ya pamba ya Bunda na vilima vya Butiama, ni mara chache shaka huja kwa njia ya vitabu. Watu wa nchi nyingine huanza kumwonea Mungu shaka wakiwa maktaba. Kwetu huja kwa njia ya jeneza dogo.

Tuchukue nyumba moja, ambayo kila katekista anayetusikiliza ataitambua, maana zipo katika kila kigango. Mtoto amezaliwa mzima. Alipofikisha miezi kadhaa, vidole vya mikono na miguu vikavimba. Akawa analia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho yakaingia umanjano, damu ikawa inapungua. Wazazi, Wakristo wema, wakaomba Misa, Jumuiya ikaja kusali Rozari siku tisa. Mtoto akafariki. Akazaliwa mwingine, akaifuata njia ile ile. Kwenye msiba wa pili watu wakakusanyika, wakaleta unga na kuni, wakamshika baba mkono, na kila mmoja akamwambia lile neno letu la misibani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Neno hilo, likisemwa na mwenye msiba mwenyewe, baada ya machozi yake kukauka, ni ungamo kubwa la imani. Likisemwa na mwombolezaji siku ya kwanza, mbele ya kaburi ambalo udongo wake bado ni mbichi, laweza kuwa mkono unaomziba mtu kinywa. Yule baba alikuwa na swali. Alitaka kumwuliza Mungu: kwa nini? Hilo ni swali la Ayubu na la Zaburi nyingi. Na Mwana wa Mungu mwenyewe alilitamka kwa sauti kuu akiwa msalabani. Lakini pale msibani halikupata nafasi. Kanisani aliona aibu kulisema. Katekista, alipomgusia, alimwambia ajihadhari asikufuru.

Swali lililonyimwa mlango halifi, wapendwa. Huzunguka nyuma ya nyumba. Na katika kuzunguka kwake usiku, hubadilika sura. Lilikuwa "kwa nini?" Sasa linakuwa "nani?" Ni nani aliyetufanyia haya? Ni nani aliyepita uani siku ile mtoto alipoanza kuvimba? Lugha yetu ya Kiswahili yaonesha ukaribu wa mambo haya mawili pasipo sisi kutambua: twasema mtu ana shaka, na kwa neno lilo hilo twasema amemtilia jirani yake shaka. Shaka ambalo mtu hakuthubutu kumpelekea Mungu, amempelekea jirani.

Na kwa swali hilo la pili wako watu wenye majibu tayari, kwa malipo. Ndio wale wanaoitwa wapiga ramli chonganishi, na jina hilo lawafaa. Baba huondoka usiku wa manane, rozari ikiwa bado mfukoni, na kurudi alfajiri akiwa na jina la mtu. Mara nyingi sana ni jina la mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe, katika nyumba ya jikoni isiyo na dirisha, kwa miaka hamsini. Katika Kanda hii ya Ziwa wazee wa namna hiyo wameuawa kwa mapanga ndani ya nyumba zao. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kama wanyama kwa maagizo ya waganga wa aina hiyo. Mwezi wa Januari mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli hao, nasi tunashukuru. Lakini marufuku humzuia mpiga ramli. Haimjibu yule baba aliyemwendea.

Hapa yatupasa kusema jambo la tiba, na msitushangae kulisema katika mahubiri. Ugonjwa wa watoto wale wawili una jina, nalo ni selimundu. Madaktari wanatufundisha kwamba chembe nyekundu za damu, ambazo kwa desturi ni za mviringo, kwa mgonjwa huyu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo ya damu na kufa kabla ya wakati wake. Mtoto huurithi kwa baba na mama pamoja, kila mmoja akiwa amebeba asili ya ugonjwa bila yeye mwenyewe kuugua wala kujua. Wazazi wawili wa namna hiyo, kila wapatapo mimba, upo uwezekano wa moja kwa nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na Kanda ya Ziwa ina sehemu yake kubwa. Kipimo cha damu huutambua, na yako matibabu yanayopunguza maumivu na kurefusha maisha. Katika hesabu hiyo yote, jirani hayumo. Bibi mwenye macho mekundu hayumo.

Wako Wakristo wanaosema kwamba kwenda kupima ni upungufu wa imani. Sijui wangalimwambia nini Mwinjili Luka, ambaye Mtakatifu Paulo anamtaja kuwa tabibu mpendwa wake.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba daktari anamaliza kila kitu. Baba yule akishaelezwa habari za chembe za damu, bado ana makaburi mawili nyuma ya nyumba yake. Swali lake la kwanza bado liko pale pale. Tofauti ni kwamba sasa laweza kurudi kwa yule ambaye lilikuwa lake tangu mwanzo.

Mwinjili Marko, katika sura ya 9, anatusimulia habari za baba mwingine wa mtoto mgonjwa. Mwanawe alikuwa akiangushwa chini, akitupwa mara motoni, mara majini. Amewaendea wanafunzi, wameshindwa. Anapofika kwa Yesu, imani yake imechakaa kiasi kwamba anamwomba amsaidie ikiwa anaweza neno lolote. Ikiwa anaweza! Na Yesu anaposema kwamba yote yawezekana kwake aaminiye, mtu yule anapaza sauti, anakiri kwamba anaamini, na kwa pumzi ile ile anaomba asaidiwe katika kutokuamini kwake. Vyote viwili vilikuwa ndani ya kifua kimoja. Je, Bwana alimwambia aende kwanza akaisafishe imani yake, kisha arudi? Alimponya mtoto siku ile ile. Sala ile yenye nusu mbili ilimtosha.

Mtu aweza kusema kwamba watu wa Biblia ni wa zamani na wa mbali. Basi na tumtazame mmoja aliyeuliza maswali akiwa ndani ya nyumba ya imani, na kaburi lake liko hapa kwetu, Butiama. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mgaya wa Nyang'ombe. Hilo jina Kambarage ni jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilinyesha sana alipozaliwa. Mwaka 1934 aliingia Shule ya Mwisenge, Musoma; na mafundisho ya dini yetu aliyapata katika misioni ya Nyegina, iliyoanzishwa na Mababa Weupe. Akabatizwa mwaka 1943, mwaka mmoja baada ya kifo cha baba yake, akiwa kijana wa miaka 21 na mwanafunzi wa Makerere.

Hatusemi kwamba miaka yote hiyo ilikuwa ya mashaka. Yaliyokuwa moyoni mwake Mungu ayajua. Twaona tu kwamba njia ya kutoka katekisimu ya kwanza hadi kisima cha ubatizo ilikuwa ndefu, na urefu huo haukumpunguzia kitu. Makatekista wanaohesabu mafanikio yao kwa wingi wa majina katika daftari la ubatizo wa Pasaka wangefanya vema kulikumbuka hilo. Baadaye, mwaka 1955, alipokwisha kuacha kazi ya ualimu kule Pugu, alirudi nyumbani akamfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille wa Shirika la Maryknoll, na kusaidia kuyaweka mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Kazi ya mfasiri ni kazi ya kuuliza. Mtu asaliye aweza kulipita neno asilolielewa, mfasiri hawezi. Na kazi hiyo hakuiacha hata uzeeni, kwani mwaka 1996 zilichapwa tenzi zake za Injili zote nne na za Matendo ya Mitume.

Swali lake zito kuliko yote alilitoa Oktoba mwaka 1970, alipokuwa Rais, mbele ya Masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba tunafundishwa kuwa binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, lakini yeye anakataa kumfikiria Mungu aliye maskini, mjinga, mwenye hofu na mnyonge, na hali ndivyo walivyo wengi wa wale aliowaumba. Akaonya kwamba Kanisa lisipopambana na mambo yanayowaweka watu katika hali hiyo, litakuwa halina maana kwao, na Ukristo wenyewe utaishia kuwa ushirikina unaoshikwa na watu waoga. Tutafakari jambo hilo tukimkumbuka yule baba mwenye rozari mfukoni mlangoni kwa mpiga ramli. Maneno makali hayo yalitoka kwa mtu aliyekuwa akihudhuria Misa siku za juma kama wengine wanavyohudhuria Dominika. Alilalamika kama mtoto wa nyumba anavyolalamika, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, bila kuuvaa ugeni.

Na tuone jinsi Kanisa lenyewe linavyomtendea sasa. Baada ya kifo chake mwaka 1999, Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kuomba atangazwe mwenye heri, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mchakato huo ni kitu gani kama si maswali? Mashahidi husikilizwa, maandishi hupekuliwa, wanaompinga nao huulizwa. Kwa karne nyingi Roma ilimweka hata mtu maalumu ambaye kazi yake ilikuwa kutoa hoja za kupinga utakatifu wa marehemu, na watu wakamwita kwa utani wakili wa shetani. Kanisa ambalo halioni haya kuuliza kwa miaka mingi kabla ya kusema neno juu ya mtu mmoja, haliwezi kumshangaa mkulima wa Bunda akiuliza juu ya mwanawe.

Kuna pia giza ambalo halina sababu ya kuonekana, na hili huwapata hata walio karibu sana na altare. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni, ambaye akina mama wengi wa parokia zetu wanaitwa kwa jina lake, aliingia katika giza hilo wakati wa Pasaka mwaka 1896. Mbingu aliyoitamani tangu utotoni ikawa kwake kama ukuta. Hali hiyo haikumwondoka hadi alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Aliendelea kusali, kufua, kuwavumilia wenzake, na kuandika. Wavuvi wa dagaa katika mialo ya Musoma watatuelewa hapa upesi kuliko wasomi. Mwezi ukiwa mpevu, wao hulaza mitumbwi, kwa sababu taa haiwavuti dagaa penye mbalamwezi. Huingia ziwani usiku wa giza, na taa yao ndogo hufanya kazi yake huko.

Tunawageukia sasa makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2088 yatofautisha shaka la makusudi na shaka lisilo la makusudi. La kwanza ni la mtu apuuzaye, au akataaye kushika kwa kweli yale ambayo Mungu ameyafunua. La pili ni la yule anayesitasita, ambaye pingamizi zimemlemea au giza la imani limemtia wasiwasi. Lakini hata hili la pili, likilelewa kwa kusudi, laweza kumfikisha mtu kwenye upofu wa roho. Ndiyo maana haifai kuliacha peke yake gizani. Mtu akija kwako na swali, usimwulize kwanza kama amekwenda kuungama. Mpe kiti. Msikilize hadi mwisho, hata kama anasema vibaya. Usipokuwa na jibu, mwambie huna, kisha usali naye. Na ukiona ni habari ya ugonjwa, msindikize hospitali, wewe mwenyewe, kwa baiskeli yako ikibidi. Siku nane zake zaweza kuwa miaka minane. Wale kumi walimtunzia Tomaso nafasi yake mezani bila kujua Bwana atarudi lini.

Bwana alipokuja, alimwonesha Tomaso nini? Wachoraji wengi wametuchorea kidole cha Tomaso kikiwa ndani ya jeraha, lakini Injili haisemi kwamba aligusa. Yasema kwamba alialikwa kugusa, naye akakiri kwamba huyo ni Bwana wake na Mungu wake. Katika Injili yote ya Yohane hakuna mtu mwingine anayemwambia Yesu neno kubwa kama hilo. Na alichooneshwa kilikuwa majeraha. Bwana amefufuka, amevishinda vifo vyote, lakini alama za misumari hakuzifuta. Baba mwenye makaburi mawili nyuma ya nyumba aweza kumkaribia Mungu wa namna hiyo.

Juma hili, katika mkutano wa Jumuiya, tunaomba isomwe tena Injili hii, kisha kiongozi anyamaze kwa kitambo, aache watu waseme. Kusiwe na haraka ya kufunga kwa wimbo. Yakitoka maswali yasiyo na majibu, yaandikwe, apelekewe Paroko. Kisha, kabla ya kuagana, ichaguliwe siku ya kwenda pamoja, mchana, watu wote wakiona, kwa yule bibi wa kijijini ambaye watu wameanza kumnong'ona. Mchukulieni unga, mkate kuni zake, na mafundi wa Jumuiya wamtobolee dirisha jikoni.

Tumsifu Yesu Kristo.